Mabawa Kwenye Mizani

Fundi cherehani mstaafu alipotangaza kwamba ataruka angani kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, mtaa mzima ulicheka isipokuwa mkewe. Mke hakucheka kwa sababu ndiye aliyekuwa akishona mabawa.

Tusimhukumu huyu mama haraka. Tumjue kwanza mumewe. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, si wa kushonea, na utu uzima wake wote aliutumia katika kiwanda cha nguo ng'ambo ya reli, ambako mashine zilipangwa safu kwa safu naye akapita katikati yake na bisibisi mfukoni, kama daktari wodini. Cherehani ikikohoa mwisho wa ukumbi, alijua ni ipi na inaumwa nini kabla hajaifikia. Hata mke alimpata kwa njia hiyo. Bibie alikuwa akishona mapazia nyumbani kwa mama yake, mashine ikaanza kuruka mishono, fundi akaitwa. Akaitengeneza. Kesho yake akarudi kuuliza kama imepona, keshokutwa tena, mpaka mama mtu akauliza hii cherehani ina ugonjwa gani usiosikia dawa.

Basi umri wa kustaafu ukafika, kama unavyomfikia kila mtu. Kiwandani wakamshika mkono, wakampa saa ya ukutani, wakamsindikiza hadi getini. Akarudi nyumbani, akakaa. Hakuwa mgonjwa. Akipewa chakula anakula, akiulizwa anajibu, lakini asubuhi hakuona sababu ya kutoka kitandani, na akishatoka aliona kiti cha sebuleni ndicho mwisho wa safari. Saa ile ya kiwandani hakuitundika wala kuitazama. Mkewe alimsimulia habari za wateja, za majirani, za bei ya nyuzi, hadi akachoka kuisikia sauti yake mwenyewe. Angekuwa na homa angempeleka hospitali. Lakini mtu aliyezimika tu, akabaki anapumua, utampeleka wapi?

Aliyemwasha alikuwa mdudu. Siku moja bibie alikuwa ametandaza kitambaa cha pazia dirishani, akingoja kionyeshe kama kinapitisha mwanga, na nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao, akaingia akanasa kati ya kitambaa na kioo. Akabaki ananguruma mahali pamoja hewani, mbele ya pua ya mzee kabisa. Wewe na mimi tungetafuta kandambili. Mzee alisogeza kichwa, akamtazama yule mdudu kwa muda, kisha akauliza swali lake la kwanza tangu astaafu.

"Huyu mnene namna hii," alisema, "anabebwa na nini?"

Bibie angeweza kumbusu yule nyuki.

Sasa, mtu akitumia miaka yake yote ndani ya cherehani, hata mdudu atamwona kama cherehani. Mzee alifikiri hivi: mguu unakanyaga pedeli mara moja, gurudumu kubwa linavuta mkanda, mkanda unazungusha gurudumu dogo, na sindano inapanda na kushuka mara nyingi kuliko macho yanavyoweza kuhesabu. Nyuki naye mabawa yake yanapanda na kushuka mara nyingi kuliko macho yanavyoweza kuhesabu. Kwa hiyo nyuki ni cherehani isiyo na uzi. Na kama mguu wa mtu unaweza kuendesha sindano, unashindwaje kuendesha bawa? Alipomaliza kufikiri hayo alisimama, akaenda uani, akaanza kufungua miguu ya cherehani mbovu iliyokuwa imelala nyuma ya pipa.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilibadilika. Mzee aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alikula kama kijana wa ujenzi. Alipiga mluzi, jambo ambalo mkewe alikuwa amesahau kwamba analiweza. Aliomba fimbo za aluminiamu za kutundikia mapazia, akapewa. Aliomba nailoni nyepesi kuliko zote dukani, akanunuliwa. Alipoomba ashonewe, bibie aliweka pembeni mapazia ya ukumbi wa harusi na kushona mabawa, kila moja refu kuliko kitanda chao. Na kwa kuwa mkono una mazoea yake, ndani ya kila mshono aliacha kitambaa cha ziada, kama anavyofanya fundi yeyote mwenye adabu, ili nguo iweze kupanuliwa siku mwenyewe akiongezeka.

Mzee alilipima bawa kwa mkono, akapapasa mshono, akakunja uso. "Bibie, umeniachia nafasi ya nini humu? Bawa halinenepi."

Walicheka hadi wakakaa chini. Alifumua mishono yote, akakata ziada, akashona upya, na katika kushona huko alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuichunguza sana.

Alilazimika kuichunguza siku mzee alipotoka kwa wacheza drafti. Pale kwenye benchi la drafti walikuwa wameshambatiza jina la Rubani, na mzee, badala ya kujitia hamnazo, aliwatajia siku na mahali. Jumamosi, alisema. Kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mabawa hayawezi kuanzia chini kwa sababu yatagonga ardhi, kwa hiyo atayafunga mgongoni pamoja na kiti na pedeli, asimame ukingoni, na ajiachie.

Machimbo yale bibie aliyajua. Ukingo wake ni kama ghorofa tatu, na chini hakuna maji wala nyasi, ni mawe tu yaliyovunjwa na kusahauliwa. Kesho yake asubuhi alimpigia simu binti yao.

Binti alikuwa mtaalamu wa wadudu katika kituo cha utafiti wa mazao, mji mwingine. Alisikiliza, akashusha pumzi, akaomba azungumze na baba. Alimweleza kwa upole wote kwamba nyuki anaweza kwa sababu ni mdogo. Mwili ukikuzwa, uzito unakua haraka kuliko mabawa, na haraka zaidi kuliko misuli. Nyuki akifanywa mkubwa kama mbuzi, atatembea kama mbuzi. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema kwamba mwanawe amesoma wadudu lakini cherehani hajazisoma, akarudisha simu kwa mkewe na kurudi kwenye nati zake akipiga mluzi.

Hapo ndipo penye kaa la moto, na bibie ndiye aliyelishika. Akimzuia, akiyachana yale mabawa au akiificha minyororo ya pedeli zake, mzee atarudi kwenye kiti na safari hii hataamshwa na mdudu wala malaika. Asipomzuia, Jumamosi watamkusanya kwenye shuka. Aliwaza hata kushona vibaya, mishono mirefu ya kulegea, ili bawa lipasuke mzee atakapolijaribu uani. Lakini je, lisipopasuka uani likapasukia kule? Akashona kwa nguvu, mishono miwili miwili, huku machozi yakidondokea nailoni na kuteleza, kwa sababu ilikuwa nailoni nzuri isiyoshika maji.

Wazo lilimjia jikoni, na si wazo la kisomi. Alimkuta mzee akitia pingili ya mwisho kwenye mnyororo, akamuuliza kama kwa mzaha: mtu akipiga mabawa, si anapungua uzito? Mzee akasema ndiyo, ndiyo maana yake yote, anapungua mpaka haubaki, ndipo anapaa. "Basi tukapime," bibie akasema. Mzee alifurahi kupita kiasi. Kipimo kitawafunga midomo wale wa drafti. Hakuona kwamba mkewe alikuwa akiomba mizani ikatae.

Kaka yake bibie alikuwa karani wa ghala la saruji, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani, na mizani ya ghala lake ilikuwa ya jukwaa, ya kupimia mifuko kwa fungu, yenye uso wa duara mkubwa kama sinia na mshale mmoja mweusi. Walikwenda Ijumaa alasiri, malori yalipokwisha kuondoka. Mashine waliibeba kwa mkokoteni, imefunikwa shuka. Kaka alipofunua shuka alisema shemeji hakika umestaafu.

Waliisimamisha mashine juu ya jukwaa. Mzee akapanda, akafunga mikanda, akaweka miguu kwenye pedeli. Mshale ukatulia kwenye kilo tisini na nne, mtu na mabawa yake. Harufu ya saruji ilijaa ghalani na vumbi lilikaa juu ya kila kitu. Bibie alisimama mbele ya uso wa mizani, mikono ameifumbata kwenye kanga.

Mzee akakanyaga. Minyororo ikanguruma, mabawa yakapanda, yakashuka, yakapanda. Vumbi likatimka mpaka kaka akapiga chafya. Kadiri alivyoongeza mwendo ndivyo jukwaa lilivyotikisika, na mshale ukaanza kucheza. Ulishuka hadi themanini. Ulishuka hadi sabini na tano. Mzee, ambaye kutoka kitini hakuweza kuuona, alikuwa ametokwa na jasho shingo nzima, na usoni alikuwa na miaka thelathini.

"Inasemaje?" aliuliza.

Kaka alikuwa ameona kile alichotaka kuona. "Shemeji, umepungua. Umefika sabini."

Mzee akakanyaga kwa nguvu zaidi. Akasema anausikia, anausikia wepesi kwenye mapaja, kesho anapaa.

Bibie hakuona sabini yoyote. Kwa sababu yeye alikuwa ameutazama ule mshale kwa macho ya mtu anayetundika mapazia. Ukitundika pazia unashusha uzi wenye kizito ncha yake, kupata wima, na uzi hautulii upesi, unayumba huku na huku. Anayeharakisha huweka alama pale uzi ulipofika upande mmoja, na pazia lake hukaa upande maisha yake yote. Fundi husubiri, akatafuta katikati ya kuyumba. Na katikati ya mshale ule ilikuwa tisini na nne. Mabawa yakishuka, unakwenda sabini na tano. Yakipanda, unakwenda mia na kumi na tatu. Alichokipata kwa kupiga chini alikuwa akikirudisha chote kwa kupiga juu.

Neno moja tu la kukubaliana na kaka yake, na mzee angerudi nyumbani anaimba. Neno la kukataa, na alijua atamwona akizimika palepale mbele ya mifuko ya saruji. Alitamani mizani ivunjike.

"Shuka," alisema.

Mzee akaacha kukanyaga, akamtazama.

"Shuka wewe, nipande mimi. Njoo utazame mwenyewe, usisikie la kaka wala langu."

Kaka alianza kupinga kwamba mwanamke na kanga zake, lakini dada yake alikwisha kuikaza kanga kiunoni na kupanda. Na hapa niseme jambo: katika nyumba ile, miguu yenye nguvu haikuwa ya mzee. Yeye alizitengeneza cherehani, bibie ndiye aliyezikanyaga, kila siku ya maisha yake, mapazia ya nyumba ngapi mtu hawezi kusema. Alipokanyaga, mabawa yalipiga hewa mpaka karatasi za kaka zikaruka mezani. Alikanyaga akimtazama mumewe, naye mumewe akiutazama mshale.

Aliutazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha yakaacha kufuata, yakasimama katikati, palepale mshale ulipotulia kabla mkewe hajakanyaga. Bibie aliona yaliposimama. Aliendelea kukanyaga kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuacha. Mapaja yaliwaka moto. Hatimaye mzee alipanda jukwaani, akaweka kiganja juu ya bawa, na bawa likatulia.

"Haijasogea," alisema.

"Haijasogea, mzee wangu."

Kaka aliinama kuokota karatasi zake. Bibie alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti cha kurukia, anahema, anangoja kuona uso wa mumewe ukifunga madirisha. Badala yake mzee alikaa chini ukingoni mwa jukwaa, kwenye vumbi, akaegemeza kichwa kwenye goti la mkewe.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Tangu nilipoyataja yale machimbo. Nimekuwa nikienda kule asubuhi kuchungulia, na kila nikichungulia narudi kinyumenyume. Lakini nilikwisha kusema mbele za watu. Nikaona bora nianguke kuliko nirudi kukaa."

Bibie alikuwa akilia na kucheka, mambo mawili kwa pumzi moja, na mkono wake ulikuwa kwenye upara wa mumewe ukifuta saruji. Alilia jinsi mtu anavyolia pale mtoto wake aliyepotea sokoni anapoonekana akila muwa. Kaka alitoka nje kutazama kama geti limefungwa, ingawa alikuwa amelifunga mwenyewe.

Waliporudi na mkokoteni wao walipita benchi la drafti, na mtu akauliza kama Rubani ameahirisha safari. Mzee akajibu kwamba ameifuta, mizani imekataa, na kama kuna anayetaka kuruka badala yake mabawa anayo na mke wake ni hodari wa kufunga mikanda. Wakacheka, naye akacheka pamoja nao, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Usiku huo alilala akikoroma kama lori linalopanda mlima. Kwa mara ya kwanza katika wiki kadhaa bibie hakumsukuma ageuke. Alilala chali akiisikiliza ile kelele kama mtu anayesikiliza mvua.

Lakini furaha yake ilikuwa na mguu mmoja. Mzee yu hai, ndiyo. Sasa ataamkia nini?

Jumamosi mzee alishinda amelala. Jumapili binti alifika, akaingia na begi lake akitazama miguu ya baba yake kwanza, kuhakikisha yote miwili ipo. Alipohadithiwa habari ya mizani, alitoa simu akamwonyesha baba yake video aliyopiga mwenyewe kituoni: nyuki anaruka, mwendo umepunguzwa hadi bawa linaonekana likisogea polepole kama mkono wa mtu anayeogelea. Mzee alivaa miwani. Akaitazama mara moja, akaomba irudiwe.

Bawa halikuwa likipanda na kushuka. Lilikwenda mbele na nyuma, na kila lilipofika mwisho liligeuka chini juu, kama mtu anavyogeuza kiganja, likarudi limeinama upande mwingine. Kwa hiyo kwenda kunambeba, na kurudi kunambeba pia. Binti akaeleza kwamba juu ya ukingo wa mbele wa bawa hewa hujikunja na kuzunguka, ikalivuta bawa juu, na bawa hugeuka kabla ule mzunguko haujapotea.

"Kumbe mimi nilimfanya nyuki sindano," mzee akasema. Akauliza, taratibu, kama mtu anayegusa jino bovu: basi binadamu haiwezekani kabisa?

Bibie aliyekuwa akimenya viazi alisimamisha kisu. Binti naye hakumdanganya baba yake. Inawezekana, alisema, na watu wamefanya. Ila si kwa kupigapiga mabawa na si kutoka ukingoni. Mabawa yasiyotikisika, marefu kuliko nyumba hii na nyumba ya jirani, mepesi ya kubebwa na mtu mmoja, pedeli zinazungusha panga la mbele kama la feni, na chombo kinakwenda polepole karibu na ardhi. Na anayekanyaga awe na mapaja ya mwendesha baiskeli wa mashindano. Mzee akayatazama mapaja yake, akamtazama mkewe, akasema labda yeye. Kisu kikarudi kwenye viazi.

Ndipo binti akataja shida yake, kama habari tu. Ule mzunguko wa hewa wanataka kuuona kwa macho, lakini bawa la nyuki ni dogo mno na lina haraka mno. Wakubwa zake wamesoma kwamba ukitengeneza bawa kubwa kama kiganja na kulipeleka polepole ndani ya kitu kizito, mafuta kwa mfano, mafuta yatalitendea vilevile hewa inavyomtendea nyuki. Tatizo ni mashine ya kulipeleka na kuligeuza kila mwisho, kwa wakati wake hasa. Wametafuta fundi, hawajampata. Mzee alisema mm. Akavua miwani, akala, akamsindikiza binti kituo cha basi, akarudi akalala.

Jumatatu bibie aliamka na hakufumbua macho. Nje palikuwa bado pana kiza cha alfajiri. Alinyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, akausimamisha njiani, kwa kuogopa kuukuta mgongo uleule umelala kuelekea ukutani. Akasubiri. Akasema moyoni, hata kama amelala, tutakwenda hivyohivyo, yu hai. Kisha akaupeleka mkono. Shuka lilikuwa baridi.

Alisikia sufuria zikigongana jikoni, kabati likifunguliwa, kitu kikianguka na mtu akikilaani kwa sauti ya chini. Nyayo zikaja mpaka mlangoni.

"Bibie, umelala? Mafuta ya kupikia yamebaki dumu moja tu? Nataka kuzamisha bawa."

"Moja," alijibu. "Chukua yote."

Mchana huo walikula viazi vya kuchemsha, na kesho yake, na keshokutwa, naye bibie hakuwahi kula viazi vyenye utamu kama ule.